CHEMCHEMI ZA MZIMA: MAJI MENGI KATIKA NCHI KAVU

Mtu aliyekulia Manyatta, katika mji wa Kisumu, hastaajabii maji mengi. Akishuka hadi Dunga huliona Ziwa Victoria limetanda mbele yake mpaka macho yachoke, na pengine jioni husikia sauti ya kiboko, ambaye Wajaluo humwita rao, akikoroma penye mafunjo. Kwa hiyo yafaa mtu kama huyo, akipata nafasi, afunge safari akaone mahali ambapo maji hayatazamiwi kabisa, na hata hivyo yapo tele. Mahali penyewe ni chemchemi za Mzima, zilizomo katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Huko atajifunza jambo moja ambalo ziwa haliwezi kumfundisha upesi, nalo ni hili: usafi wa maji hutegemea nchi ambayo maji hayo yamepita kabla ya kumfikia mtu.

Safari ya Kwenda Mzima

Msafiri atokaye Kisumu hupita Ahero, Kericho na Nakuru mpaka Nairobi. Kutoka Nairobi hushika barabara kuu ya Mombasa, au hupanda treni ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017, akachagua ile isimamayo katika stesheni za njiani, akateremka Mtito Andei. Toka Mtito Andei mpaka Mzima ni kama kilomita 48, na mwendo huo wote umo ndani ya hifadhi.

Hifadhi ya Tsavo iliwekwa mwaka 1948. Nchi yake ni nyika ya miiba na mibuyu, na udongo wake ni mwekundu sana. Tembo wa huko hujimwagia vumbi hilo hata nao huonekana wekundu, na mgeni ambaye hajaambiwa hudhani ni aina nyingine ya tembo. Wakati wa kiangazi miti hupukutisha majani yote, ikasimama kama kuni zilizochomekwa ardhini. Mito mingi ya nyika hiyo huwa ni mchanga mtupu. Mtu akitazama kila upande hawezi kuamini kuwa kuna maji karibu.

Kisha ghafula huona mstari wa kijani kibichi. Ni mikindu, miwale, mikuyu, na migunga yenye maganda ya manjano. Hapo ndipo Mzima.

Maji Yatokavyo Mwambani

Huko Mzima maji hayatoki mlimani kwa kijito, wala hayaletwi na mto mwingine. Hububujika kutoka chini ya mawe meusi, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, masika na kiangazi. Ni maangavu mno, hata mtu akisimama ukingoni aweza kuwahesabu samaki walio chini. Maji hujaza bwawa la kwanza, yakateremka kwa maporomoko madogo kati ya mawe na mizizi ya miti, yakaingia bwawa jingine, na hivyo kuendelea. Baada ya mwendo wa kilomita mbili hivi hukutana na ukuta wa mawe ya volkano, yakazama tena ardhini. Mwishowe maji ya Mzima huuongezea nguvu mto Tsavo, nao huungana na mto Athi, ukaitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, mpaka umwagikapo katika Bahari ya Hindi upande wa Malindi.

Basi, maji hayo yatoka wapi? Jibu liko kaskazini, kama kilomita 50 kutoka Mzima, katika vilima vya Chyulu. Vilima hivyo vilifanyizwa na volkano, na kwa hesabu ya wataalamu wa miamba ni vichanga, maana moto wake ulitoka mara ya mwisho katika karne ya 19. Mahali pamoja katika Tsavo Magharibi pana uwanda mweusi wa mawe yaliyomwagika yakiwa moto, nao huitwa Shetani, kwa kuwa husimuliwa kwamba watu wa kale walidhani ni shetani mwenyewe atokaye ardhini.

Kilele cha Chyulu kimepita mita 2,100, na juu yake mna msitu unaonasa ukungu na mawingu. Mvua hunyesha vizuri huko, lakini vilima havina hata mto mmoja wa kudumu. Sababu yake ni mawe yenyewe. Yana vitundu vingi kama lile jiwe ambalo watu hulitumia kusugulia visigino wakati wa kuoga. Ukimimina maji juu yake, hayatiririki, bali huingia ndani. Hivyo mvua ya Chyulu huzama chini, ikachujwa polepole katika majivu na mawe, ikafuata njia zake za gizani. Inakadiriwa kuwa tone moja la mvua laweza kukaa ardhini miaka 25 kabla ya kutokea Mzima. Kwa hesabu hiyo, mtoto aonaye maji ya Mzima leo anaona mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa.

Viboko na Jamaa Yao

Mzima ni mojawapo ya mahali pachache katika hifadhi ambapo mgeni huruhusiwa kushuka garini na kutembea kwa miguu, akifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Pana njia ya kufuata ukingo, na pana chumba kilichozamishwa majini chenye madirisha ya vioo. Mtu akiingia humo huwaona samaki wakipita mbele ya uso wake, na akibahatika sana humwona kiboko akitembea chini ya maji kwa wepesi ambao hafikiriwi kuwa nao.

Viboko ndio wenye nyumba. Mchana kutwa hujilaza majini. Jua likishakuchwa hutoka kwenda nyikani kula majani, na kiboko mmoja aweza kumaliza kilo 40 kwa usiku mmoja. Kabla ya mapambazuko hurudi, na mavi yake huyaacha majini. Jambo hili huwachukiza watu, lakini kwa viumbe vya majini ndilo chakula cha siku. Wadudu wadogo na konokono hula mavi hayo, samaki hula wadudu, mamba, mnandi na fisi maji hula samaki. Wako pia samaki ambao humwendea kiboko na kumsafisha ngozi kwa midomo yao, naye hutulia kama mtu aliye kwa kinyozi. Juu mitini tumbili huchuma matunda, na yale yanayoanguka majini huliwa na samaki. Kiboko akiondoka, meza yote hupinduka.

Hayo yalidhihirika mwaka 2009. Mwaka huo ukame mkali uliishika Tsavo. Chemchemi za Mzima hazikukauka, kwa maana maji yake yalikuwa ya mvua za miaka iliyopita. Lakini nyika ilikauka, na majani ya karibu yakaisha. Viboko walitembea usiku kutafuta malisho wasipate, na wengi wao wakafa. Walikufa kwa njaa, wala si kwa kiu, huku maji safi yakibubujika kando yao. Kwa hiyo chemchemi hailindwi kwa kuwekea uzio bwawa lake peke yake. Nyika ya malisho iliyo kandokando ni sehemu yake, na vilima vilivyo mbali navyo ni sehemu yake.

Maji ya Mombasa

Jambo hilo lawahusu watu pia. Katika miaka ya 1950 bomba lilijengwa kutoka Mzima hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 220. Maji huchukuliwa mwambani kabla ya kutokea mabwawani, kisha huteremka kwa uzito wake mwenyewe kuelekea pwani, kwa kuwa Mzima iko juu kuliko bahari. Watu wa Voi nao huyapata njiani. Kwa hiyo mama achotaye maji ya bomba hilo huko Mombasa ana haja na msitu wa Chyulu, ingawa pengine hajapata kusikia jina lake. Moto ukiteketeza msitu ule, au miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, hasara haitaonekana siku ile wala mwaka ule. Itakuja baada ya miaka, wakati ambapo aliyeshika shoka hakumbukwi tena.

Funzo kwa Watu wa Manyatta

Mgeni akirudi Kisumu hurudi na swali: je, maji ya nyumbani yamepita wapi?

Katika Manyatta kaya nyingi zina kisima kilichochimbwa kwa mikono. Maji hayako mbali, na kisima ni msaada mkubwa siku bomba linapokauka au fedha zinapopungua. Lakini katika kiwanja kilekile pana choo cha shimo, na cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Mvua ya Chyulu hutembea kilomita 50 chini ya ardhi kabla ya kuonekana tena. Hapa maji yaweza kutoka chooni mpaka kisimani kwa hatua chache tu. Uchunguzi uliofanywa katika visima vifupi vya Manyatta umeonyesha mara kwa mara vijidudu vya kinyesi. Maji hayo yaweza kuwa maangavu kama ya Mzima na ladha yake nzuri, na bado yakaleta kipindupindu au homa ya matumbo. Uangavu si usafi.

Hushauriwa kwamba kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, tena kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika viwanja vidogo vya mjini shauri hilo ni gumu kutimizwa. Basi ni heri maji ya kisima yatumiwe kwa kufulia na kuoshea nyumba, na ya kunywa yatoke bombani. Ikiwa hapana budi kunywa ya kisima, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko.

Nayo maji ya bomba ya Kisumu yana Chyulu yake. Sehemu moja huvutwa ziwani kule Dunga, na sehemu nyingine hutoka mto Kibos na kusafishwa Kajulu. Mto huo hushuka kutoka nchi ya Nandi. Mti unaokatwa huko juu, na taka zinazotupwa mferejini huku chini, vyote hufika kikombeni.

Kwa Wanaotaka Kwenda

Wakati mzuri wa kuona wanyama ni kiangazi, toka Juni mpaka Oktoba, kwa kuwa hukusanyika penye maji. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa mtandao kabla ya safari. Mgeni asiteremke garini ila mahali palipoandikwa, asikaribie ukingo wa maji, asiwape tumbili chakula, wala asisimame kati ya kiboko na maji yake. Kiboko akikatiwa njia ya kurudi majini huwa hatari kuliko simba.

Maswali

1. Kwa nini vilima vya Chyulu havina mto wa kudumu ingawa mvua hunyesha huko?
2. Eleza jinsi samaki wa Mzima wanavyopata faida kutokana na majani ya nyikani.
3. Mwaka 2009 viboko walikufa karibu na maji mengi. Sababu ilikuwa nini?
4. Pima kwa hatua umbali kati ya kisima unachokitumia na choo kilicho karibu nacho. Je, kipi kiko upande wa juu?
5. Maji uliyokunywa leo yalitoka wapi, na yalipita wapi kabla ya kukufikia?