Pasipoti ya Nyumbani Isikufie Mkononi

Mdogo wangu wa Minneapolis, unasema fomu ya N-400 umeshaituma, unasubiri kuitwa kwenye mahojiano ya uraia wa Marekani, na pasipoti yako ya Tanzania inakwisha miezi michache ijayo. Shoga yako kakwambia usijisumbue kuomba nyingine, maana uraia u njiani. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Ni kweli ombi lako halitakataliwa eti kwa kuwa pasipoti imekwisha. Kinachotazamwa hasa ni ukaazi: miaka 5 ya grini kadi, au 3 ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja. Hata grini kadi ikifika mwisho ukiwa bado unangoja, risiti ya N-400 huirefushia muda kwa miezi 24.

Lakini grini kadi inakurudisha Marekani tu, haikufikishi Tanga. Mama akilazwa, au msiba ukitokea, watu wa ndege watataka pasipoti iliyo hai, na mazishi hayakungoji. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura, sawa. Utafika nyumbani, kisha utaanza kuhangaikia pasipoti ya kurudia huku kazini wanakuuliza uko wapi. Ada ya pasipoti mpya inauma, najua, hasa ukijua utaitumia kwa muda mfupi. Ilipe tu.

Na ninyi wengine, fungueni ukurasa wa picha leo. Pasipoti zetu za kielektroniki zilianza kutolewa Januari 2018 na hudumu miaka 10, kwa hiyo mliowahi mwanzoni zamu yenu ni 2028.

Ukienda kuomba mpya, ile ya zamani usiiache huko. Piga picha kila ukurasa kabla, kisha omba urudishiwe ikishafutwa. N-400 inauliza safari zako za nje, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na ukiwa umekaa nje zaidi ya miezi 6 kwa mkupuo utatakiwa ujieleze. Mihuri ile ndiyo kumbukumbu yako. Siku ya mahojiano beba pasipoti zote, zilizo hai na zilizokufa.

Ndugu zangu mliopata grini kadi kwa njia ya ukimbizi, wa Kongo na Burundi, haya ya kuhuisha pasipoti msiyachukue kama yalivyo. Kuomba pasipoti ya serikali uliyoikimbia kunaweza kukuletea maswali mazito. Muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa kiapo. Siku hiyo unakabidhi grini kadi, unapewa cheti cha uraia, na cheti hichohicho halisi ndicho unachokituma kuombea pasipoti ya Marekani. Hapo katikati huna cha kusafiria. Tafadhali usikate tiketi ya wiki inayofuata! Ukiwa na dharura, kuna huduma ya haraka kwa malipo ya ziada.

Pasipoti ya Tanzania nayo, ukishaapa, basi. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa pili kwa hiari, wa kwanza unakoma. Irudishe ubalozini. Wapo wanaoificha ili wakishuka Dar wakwepe viza ya dola 100. Usiwaige, kwani kuitumia ni kosa, na dola 100 haina thamani ya kuhojiwa uwanja wa ndege mbele ya watoto wako. Wakenya mnayo nafuu, Katiba ya 2010 inawaachia uraia wenu wa kuzaliwa, ila mnatakiwa kutoa taarifa ya ule wa pili ndani ya miezi 3.

Basi mdogo wangu, wiki hii wasiliana na ubalozi wetu Washington, uulize utaratibu wa kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya pasipoti mpya. Usingoje barua ya mahojiano.