Usishushe Kanuni ya Bodi Nzima kwa Ajili ya Chipu Moja

Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Si injinia, na wale wa uhandisi mtanisamehe nikivamia shamba lenu. Lakini kosa ninalolisimulia hapa nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa nimeshika mausi, kwa hiyo nina haki nalo.

Shule niliyokwenda kwa mazoezi ya kufundisha ina tangi la maji na pampu. Kazi ya kuizima pampu ni ya mwanafunzi wa zamu, naye akisahau, maji yanamwagika hadi uwanjani. Niliporudi chuo, mimi na rafiki zangu wawili wa elektroniki tukaamua kuchora bodi ndogo: chipu inasoma boya lililo ndani ya tangi, rilei inawasha na kuzima pampu ya volti 230. Tukatumia KiCad, kwa sababu ni ya bure na boom letu mnalijua. Programu hii ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo kule Grenoble, Ufaransa. Nilipojua kwamba aliyeianzisha ni mwalimu, nilijisikia kidogo nipo nyumbani.

Ukishachora bodi, unaiamuru programu ikague kanuni. Ukaguzi huo huitwa DRC (usichanganye na Kongo). Kazi yake ni ya kuchosha kwa binadamu: inapima mwanya kati ya kila njia ya shaba na jirani yake, inaangalia matundu, inaona kama komponenti mbili zimekaliana, inatafuta pini iliyosahaulika bila kuunganishwa. Kanuni zenyewe unaziandika wewe. Programu haijui kama bodi yako ni ya redio au ya kuchemshia maji. Inajua namba ulizoipa, basi.

Sisi tulikuwa tumeipa namba mbili za mwanya. Ya kwanza, milimita 0.3 kati ya njia zote za kawaida. Ya pili, milimita 6 kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo. Hiyo ya pili ndiyo inayomlinda mtu, kwa kuwa waya wa boya unatoka upande wa volti ndogo na kuingia kwenye tangi, na tangini ndiko wanafunzi wanakochota maji.

Nikabonyeza. Makosa yakajaa skrini nzima.

Mengi yalitoka kwenye chipu. Ina pini 48, yaani 12 kila upande. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 0.5, na pedi yenyewe ina upana wa 0.3. Toa: unabaki mwanya wa 0.2. Kanuni inadai 0.3. Kila upande una mianya 11, pande nne ni 44, na programu inalalamikia kila mmoja, isipokuwa pale pedi mbili jirani zinapokuwa za neti moja. Hapo hakuna mchoraji aliyekosea. Chipu imezaliwa hivyo kiwandani. Makosa mengine mawili yalikuwa ya rilei: pini yake ya katikati, inayobeba umeme wa ukutani, iko karibu mno na pini mbili za koili.

Ilikuwa saa tano usiku. Nikashusha 0.3 kuwa 0.15 kwa bodi nzima. Nikashusha 6 kuwa 3. Nikajaza upya eneo la shaba ya ardhi, nikakagua tena: makosa sifuri. Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwenye grupu, nikaenda kula chipsi mayai kwa amani ya mtu aliyefaulu bila sapu.

Asubuhi mwenzangu akaniuliza, "Mbona shaba ya ardhi imesogea?" Kweli ilikuwa imesogea. Shaba inayojazwa na programu hufanya kama maji, inafika hadi pale kanuni inapoizuia. Mimi nilikuwa nimevunja ukingo, na shaba ya ardhi, ile ile iliyounganishwa na waya wa tangini, ikawa imeukaribia umeme wa ukutani hadi milimita 3 kila mahali palipokuwa na nafasi. Makosa mawili ya rilei nilikuwa nimeyageuza kuwa udhaifu wa bodi nzima, na ripoti ikasema sifuri. Milimita 3 za hewa kavu huenda zisilete shida siku ya kawaida. Mimi naifikiria siku nyingine: vumbi, unyevu wa chumba cha pampu, mjusi aliyejipenyeza, umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Kumbe ruhusa inaweza kutolewa kwa komponenti moja tu. KiCad ina ngazi tatu za kufanya hivyo. Unaweza kuandika mwanya wa pedi moja. Unaweza kuandika mwanya wa komponenti nzima, na pedi zake zote zitaufuata. Au, tangu toleo la 6 la Desemba 2021, unaweza kuandika kanuni yenye sharti. Ngazi mbili za kwanza ni rahisi, ila zina mtego: ukiilegezea komponenti, umelegeza pia mwanya kati ya pedi zake na njia yoyote ya jirani inayopita karibu. Kanuni yenye sharti inabana zaidi. Unaiambia: pedi ya U1 na pedi nyingine ya U1, hao tu, 0.2 inatosha, wengine wote wabaki 0.3. Hatari pekee ni kukosea kuandika sharti, maana kanuni isiyomgusa mtu hukaa kimya tu.

Darasani tungelielewa jambo hili haraka. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu unampa karatasi yake ya maandishi makubwa, hushushi alama ya kufaulu kwa shule nzima.

Chipu ikaisha hivyo. Kwa rilei, nilitaka nayo niipe ruhusa yake nimalize, na hapo ndipo tulibishana zaidi ya saa moja. Ni rilei ya kawaida, ya buluu, pini 5, ile inayouzwa kila duka la spea. Kutoka pini ya katikati hadi pini ya koili ni kama milimita 6.3, katikati kwa katikati. Ukitoa upana wa pedi, haibaki hata 4. Ujumbe wa kosa ulikuwa ule ule wa chipu, neno kwa neno. Lakini kule mwanya mdogo ulikuwa kati ya volti ndogo na volti ndogo, na kiwanda cha kutengeneza bodi kinaumudu. Huku ulikuwa kati ya pampu na mkono wa mtoto. Mmoja wetu akapendekeza tukate mfereji kwenye bodi kati ya pini hizo. Mfereji unasaidia, unarefusha njia ya umeme kutambaa juu ya uso wa bodi, ila umbali wa hewani unabaki vile vile.

Tukaiacha ile rilei. Tumechukua nyingine yenye pini za koili mwisho mmoja na za umeme mkubwa mwisho wa pili; imekula nafasi, na bodi imeongezeka urefu wa sentimita moja na nusu. Namba mbili za mwanzo nimezirudisha, 0.3 na 6. Kwenye faili la kanuni kuna ruhusa moja tu, ya U1, na juu yake mstari wa maelezo unaotaja pini 48, nafasi ya 0.5 na tarehe, ili atakayefungua faili hilo baada yetu asije akadhani ni uvivu.