SOMO: KUTENGENEZA HEI KWA MASHINE KUUKUU, MVUA ISIPOAMINIKA

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Somo letu la leo linahusu hei, yaani majani ya malisho yanayokatwa yangali laini, yakakaushwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya kiangazi. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Arusha na Kilimanjaro, akiba hiyo si anasa. Wengi wetu tunaukumbuka ukame wa mwaka 2008 na 2009, ulioua mifugo mingi Longido, Monduli na Ngorongoro. Asiye na hei katika kiangazi cha namna hiyo hununua majani kwa bei yoyote atakayotajiwa, au humuuza ng'ombe wake.

Ugumu wetu ni wa namna mbili. Kwanza, majani ya Rhodes huanza kutoa maua masika yanapokaribia kwisha, na huo ndio wakati wake wa kukatwa. Lakini katika miteremko ya milima yetu, Juni na Julai huja na baridi, mawingu na manyunyu. Anayengojea jua kali la Septemba hukata mabua matupu, yasiyo na nguvu ya kutoa maziwa. Pili, vyombo vyetu ni vya zamani. Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Chama chenye trekta hilo pamoja na mashine ya kukatia yenye kisu cha meno kinatumia vyombo vyenye umri mkubwa kuliko wanachama wake wengi.

KOSA LILILONIFUNZA

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Nilipotazama hesabu za mafuta, niliona kwamba trekta lilipelekwa shambani mara nyingi kukata vipande vidogo. Nikaishauri Kamati ikate ekari zote 12 kwa mfululizo, ili kupunguza gharama za safari. Mzee mmoja aliniuliza, "Bwana Mkaguzi, na mikono ya kuyainua majani hayo utatuletea wewe?" Wajumbe wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Majani yalikatwa kwa siku tatu za jua. Siku ya nne, wakati watu walipokuwa wamefunga sehemu ndogo tu, mvua ilianza, ikanyesha siku tano. Sehemu kubwa ya majani ilioza pale pale chini. Mwezi Februari uliofuata nilirudi kwa kazi ya hesabu, nikakuta mama mmoja mjane amekwisha kumuuza mmojawapo wa ng'ombe wake wawili ili amlishe wa pili. Katika daftari niliandika hasara ya chama. Hasara ya mama yule haikuwa na safu ya kuandikiwa.

Mafuta niliyotaka kuyaokoa hayakufikia hata bei ya mguu mmoja wa ng'ombe yule.

MAJI YALIYOMO KATIKA ROBOTA MOJA

Majani mabichi yakiwa na maji asilimia 80, kila kilo 100 zina kilo 20 tu za chakula kikavu. Hei iliyo salama huwa na maji asilimia 15 hivi. Basi robota la kilo 20 lina kilo 17 za chakula kikavu, na limetokana na kilo 85 za majani mabichi. Tofauti yake ni kilo 65 za maji, yaani zaidi ya madebe matatu, ambayo jua na upepo havina budi kuyaondoa kwa kila robota moja. Kazi hiyo haiharakishwi kwa amri ya Kamati.

KATA KADIRI UWEZAVYO KUINGIZA GHALANI

Kanuni kuu ya somo hili ni hii: kipimo cha kukata si uwezo wa mashine, bali ni uwezo wa kazi iliyo ya polepole kuliko zote.

Tuchukue mfano. Tuseme mashine yaweza kukata ekari 4 kwa siku, na kila ekari hutoa marobota 60. Chama kina masanduku mawili ya mbao ya kufungia, na kila sanduku hutoa marobota 40 kwa siku. Basi chama hufunga marobota 80 kwa siku, ilhali mashine imelaza chini majani ya marobota 240. Kazi ya siku moja ya mashine imekuwa kazi ya siku tatu za watu.

Chama hicho na kikate ekari moja kila siku. Majani yakikauka kwa siku tatu, daima kutakuwa na ekari moja iliyokatwa leo, moja iliyonyauka, na moja iliyo tayari kufungwa. Mvua ikija ghafla itakuta ekari tatu tu chini, wala hazitaharibika sawasawa. Mvua huyadhuru kidogo majani yaliyokatwa leo. Huyadhuru sana yale yaliyokaribia kukauka, kwa kuwa huyaosha utamu wake na kuyapukutisha. Kwa hiyo wingu likitanda, watu wote wakimbilie kwanza kwenye majani makavu, wayafunge au wayarundike malundo marefu yenye ncha na kuyafunika kwa turubai. Yale mabichi yaachwe yalivyo.

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

MASHINE IANDALIWE KABLA YA MSIMU

Mashine kuukuu haina aibu. Aibu ni kuifungua kwa mara ya kwanza asubuhi ya kukata. Mwezi mmoja kabla ya msimu, Katibu ahakikishe mambo haya:

1. Meno ya kisu yaliyovunjika yabadilishwe, na ribiti zilizolegea zigongwe upya.
2. Vidole vinavyolinda kisu vinyooshwe vikae katika mstari mmoja. Kidole kimoja kilichopinda huifanya mashine ivute majani badala ya kuyakata.
3. Pawepo visu viwili: kimoja kazini, cha pili kimenolewa kinangoja.
4. Akiba ya meno, ribiti, bolti, nati na girisi ikae katika sanduku moja, na ufunguo wake uwe na mtu anayejulikana.
5. Dereva asikate chini mno. Kimo cha sentimeta 7 hadi 10 hulisaidia shina kuchipua tena, na visiki huyainua majani yaliyokatwa ili upepo upite chini yake.

Tena, mtu yeyote asitie mkono penye kisu kabla ya injini kuzimwa. Jino la chuma laweza kununuliwa dukani. Kidole cha mtu hakiuzwi.

KUPIMA UKAVU MLANGONI MWA GHALA

Jicho hudanganya, na mkono pia. Chukua chupa kavu yenye mdomo mpana, tia hei iliyokatwakatwa pamoja na chumvi kavu, funga, kisha tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikamana, hei bado ni mbichi. Ikibaki unga mkavu, yaweza kuingia.

Kipimo hiki ni ulinzi wa fedha pia. Robota lenye kilo 17 za chakula kikavu hupima kilo 20 likiwa na maji asilimia 15, lakini hupima karibu kilo 23 likiwa na maji asilimia 25. Chama kinachonunua kwa mizani bila chumvi hulipa fedha za wanachama kwa maji, tena humzawadia aliyeharakisha na kumpunja aliyengoja.

Hei mbichi ikirundikwa ghalani huota ukungu, hupata joto, na yaweza kuwaka moto yenyewe. Kwa wiki sita za kwanza ingiza fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache kwa muda, kisha ichomoe. Ikiwa ya moto hata haishikiki, hatari imefika: ondoeni watu, msilifumue rundo kwa pupa, na waiteni wazima moto.

KAZI YA KATIBU

Mvua haina kesi, lakini zamu huwa na kesi nyingi. Kabla ya msimu Mkutano upitishe maazimio ya maandishi juu ya mambo matatu. Zamu ya mashine ifuate kukomaa kwa majani, si ukubwa wa jina la mtu. Mwanachama ambaye zamu yake imekatizwa na mvua awe wa kwanza mvua ikikoma. Na sehemu ya ada ya kukatiwa itengwe kwa ajili ya vipuri, isiguswe kwa matumizi mengine. Kadhalika pawe na daftari la mashine: tarehe, shamba, mafuta, kilichovunjika na aliyekitengeneza. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe ofisini, lakini hesabu ya mikono iliyopo ndiyo itakayoamua ekari za kukatwa.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

1. Katika chama chetu, kazi ipi ni ya polepole kuliko zote: kukata, kugeuza, kufunga au kubeba?
2. Mvua ikianza leo saa nane mchana, nani atapiga kengele, na turubai liko wapi?
3. Fedha za vipuri ni kiasi gani leo, na mara ya mwisho zilitumika kwa kazi gani?
4. Ni mwanachama yupi aliyekosa hei kiangazi kilichopita, na alifanya nini?

Swali la nne lisirukwe. Mimi nililiruka mwaka ule.