Cheti cha Klabu, Masomo ya Awali na Nafasi ya Kidato cha Tano

Mtahiniwa, swali hili huulizwa kila mwaka: "Mwalimu, cheti changu cha mdahalo kitanisaidia kuchaguliwa?" Kwa shule za serikali, jibu ni hapana. Uchaguzi hufanywa na TAMISEMI kwa kuangalia matokeo yako ya NECTA na tahasusi ulizojaza kwenye Selform. Uenyekiti wa klabu ya sayansi hauna pointi.

Shika vigezo hivi: uwe na A, B au C katika angalau masomo matatu yasiyo ya dini, pointi za masomo saba zisizidi 25, na pointi za masomo matatu ya tahasusi zisizidi 10, bila F hata moja. Kuvitimiza hakukupi nafasi moja kwa moja, kwani kuna ushindani.

Mfano: mtahiniwa anataka PCM. Ana Fizikia C (3), Kemia C (3), na Hisabati amepata alama 28, yaani F (5). Jumla ni 11, tena ana F. Angepata 30 ingekuwa D (4), na jumla ingekuwa 10. Alama mbili tu! Swali moja la seti au la takwimu lingemtosha.

Je, masomo ya awali ya kidato cha tano, yale yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme kila Novemba? Huanza wakati mtihani umekwisha, kwa hiyo hayawezi kubadili matokeo. Faida yake ni kukuzoesha mada ngumu kabla ya kuripoti, na hilo si dogo, hasa kwa Fizikia. Kituo kikimwambia mzazi wako kwamba "nafasi ni ya uhakika", asilipe. Kama ada haipo, azima kitabu na madaftari kwa aliyetangulia.

Hata chuo kikuu hapa nchini huanza na ufaulu wa kidato cha sita, na kozi nyingi hurudi kuuliza Hisabati au Kiingereza cha kidato cha nne.

Marekani ni tofauti. Vyuo vingi huko husoma pia insha, barua za walimu na shughuli za nje ya darasa, na humthamini mwanafunzi aliyechukua masomo magumu zaidi yaliyokuwepo shuleni kwake. Ukiwa na nia hiyo, klabu uliyoitumikia miaka mitatu ina uzito kuliko cheti cha semina ya siku mbili iliyolipiwa.

Zoezi

Mtahiniwa anataka CBG. Amepata Kemia D, Biolojia C, Jiografia C, Kiswahili B, Uraia C, Historia D na Kiingereza D.

(a) Tafuta pointi za tahasusi yake.
(b) Tafuta jumla ya masomo saba, kisha eleza kama ametimiza vigezo vyote.
(c) Jiografia alipata alama 60. Angepata 66, jumla hizo mbili zingekuwa ngapi?