Mbinu za Kuomba Nafasi ya Kufundisha Sayansi ya Ubongo Katika Chuo Kidogo cha Marekani

Umemaliza uzamivu wa sayansi ya ubongo na neva, au unakaribia kutetea tasnifu, na kufundisha kunakuvutia zaidi ya kukaa maabara usiku na mchana. Marekani kuna ajira inayomfaa mtu wa namna hiyo: mkataba wa muda, mara nyingi miaka miwili, katika chuo kidogo ambacho karibu wanafunzi wake wote ni wa shahada ya kwanza. Unafundisha kozi chache, unafanya utafiti ukishirikiana na wanafunzi, na mhadhiri mzoefu anapewa kazi ya kukulea: anaingia darasani kwako, anatazama, kisha mnakaa na kuzungumza. Amherst, Oberlin, Pomona na Swarthmore ni mifano ya vyuo hivyo vidogo, ingawa si kila kimoja hutangaza nafasi hii kila mwaka. Usidharau udogo wao. Amherst ilianza kutoa shahada ya kwanza ya sayansi ya neva mwaka 1973, na walimu wa vyuo vya aina hii wamefikiri kwa muda mrefu namna ya kumfundisha kijana wa miaka 19 jinsi ubongo unavyofanya kazi.

Matangazo huanza kutoka karibu na Agosti na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Wewe anza mapema zaidi, na anza na wadhamini. Barua tatu za maprofesa wanaosifu machapisho yako hazitoshi hapa. Angalau mdhamini mmoja awe amekuona ukifundisha. Mwalike kwenye kipindi chako muhula huu, hata kama wewe ni msaidizi tu wa maabara.

Barua ya maombi nayo ni tofauti na ile unayopeleka kwa mkuu wa maabara ya utafiti. Kosa linaloangusha watu wengi ni kujaza kurasa mbili za protini na panya, kisha mwishoni sentensi moja kwamba unapenda kufundisha. Igeuze. Eleza kwanza ulichofundisha, mahali wanafunzi walipokwama, ulichobadilisha na kilichotokea baada ya hapo. Kabla ya kuandika, soma jarida la JUNE, linalohusu ufundishaji wa sayansi ya neva kwa shahada ya kwanza na linasomwa bure. Humo utakuta mazoezi ya maabara yaliyojaribiwa na walimu wenyewe, na utajua wenzako wa baadaye wanahangaika na nini.

Ukiitwa kwenye usaili, utaombwa kufundisha kipindi cha mfano. Hapa ndipo kazi inapopatikana au kupotea, kwa hiyo jiandae kwa wazo moja tu. Tuseme mada ni jinsi neva inavyopitisha ishara ya umeme. Anza na ngisi, ambaye ana uzi wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Kwa sababu ya unene huo Alan Hodgkin na Andrew Huxley walimtumia katika kazi waliyoichapisha mwaka 1952, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kisha uliza: uzi huu ukiwekwa kwenye maji yenye sodiamu pungufu kuliko ya bahari, ishara itakuwaje? Wape dakika mbili waandike jibu, kila mmoja amweleze jirani yake, ndipo uchore grafu ubaoni. Hodgkin na Bernard Katz walichapisha matokeo ya jaribio hilo mwaka 1949: kilele cha ishara kilishuka. Mwanafunzi aliyekwisha kutoa dhana yake atataka kujua kwa nini, na maelezo ya sodiamu kuingia ndani ya seli yatamkaa kichwani. Akitokea wa kujibu kwamba ni potasiamu ndiyo inayoingia, usimkatize. Muulize potasiamu imejaa zaidi upande gani wa utando wa seli, umwache afike mwenyewe. Jopo linakutazama sana wakati huo, kuona unavyompokea aliyekosea.

Mpango wa utafiti uwe wa kweli kwa mazingira ya chuo. Hutakuwa na kundi la wanafunzi wa uzamivu wala mashine za mamilioni ya dola. Utakuwa na vijana wawili au watatu na likizo ya kiangazi. Nzi wa matunda wanafaa sana. Mafunzo ya shirika la TReND in Africa yaliyoanzia Kampala International University, Uganda, yaliwachagua nzi hao kwa sababu ni rahisi kufuga na gharama yake ni ndogo. Kipo pia kifaa cha SpikerBox cha Backyard Brains, kinachokuza umeme wa neva za mguu wa mende hadi ukasikika kwenye spika, na takwimu za ubongo ambazo Allen Institute ya Seattle huzitoa bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Ukiwa Mwafrika Mashariki uliyewahi kufanya sayansi kwa vifaa vichache, liseme hilo waziwazi katika maombi. Huo ni ujuzi ambao chuo kidogo kinauhitaji.

Kabla ya kusaini, uliza kozi ni ngapi kwa mwaka, kama kipindi cha maabara kinahesabiwa peke yake, kama mshahara unaendelea wakati wa kiangazi, na nani hasa atakayekulea. Tangazo likikuahidi mlezi lakini likakupa kozi tano au sita kwa mwaka, hiyo ni ajira ya kuziba pengo la mhadhiri aliye likizo, na utatoka bila utafiti.

Suala la viza usiliache hadi mwisho. Aliyesoma Marekani kwa viza ya F-1 anaweza kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na fani za sayansi zinaweza kuongezewa miezi 24, lakini nyongeza hiyo inataka mwajiri awe amejiandikisha katika mfumo wa E-Verify. Anayeletwa kwa viza ya J-1 huenda akafungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza nyingine fulani za kazi. Taka jibu la chuo kwa maandishi. Wakikujibu kwamba wataangalia baadaye, endelea kutuma maombi kwingine.