Kifusi cha lami: mambo ya kujua kabla hujakubali kimwagwe kijijini

Barabara nyingi za Kata ya Mabira, wilayani Kyerwa, ni za changarawe na udongo. Masika yakikolea, lori la ndizi au la kahawa hukwama mlimani na nauli ya bodaboda hupanda siku hiyohiyo. Kwa hiyo dereva akipita na kusema ana kifusi cha lami cha kugawa, watu hukubali haraka. Hawana kosa, maana kifusi hicho ni malighafi nzuri kweli. Shida huanza pale kinapomwagwa bila kibali, karibu na maji, kikaachwa bila kushindiliwa.

Kifusi cha lami ni tabaka la juu la barabara iliyochakaa, lililokwanguliwa kwa mtambo au kung'olewa kwa katapila. Katika mkoa wetu wa Kagera, barabara ya Lusahunga–Rusumo, kilomita 92, iliyobeba malori ya kwenda Rwanda kwa miaka mingi, ni mfano wa lami iliyochoka hadi ikahitaji ukarabati mkubwa. Ndani ya kifusi kuna kokoto nzuri na, kwa lami nzito iliyochanganywa kiwandani, takribani asilimia 5 ya uzito wake ni lami yenyewe. Tani moja, basi, inaweza kuwa na kilo 50 za lami ambayo nchi iliinunua nje kwa fedha za kigeni. Marekani hutumia tena zaidi ya tani milioni 80 za kifusi hiki kila mwaka, sehemu kubwa ikirudishwa kwenye lami mpya. Kukitupa mtaroni ni hasara ya wazi.

Swali la kwanza ni la mwenye mali. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Mkataba wa ukarabati ndio unaoeleza kifusi kiende wapi, kwa hiyo dereva hana mamlaka ya kukiuza njiani. Mwenyekiti wa kijiji au mtendaji aombe barua inayotaja kifusi kimetoka barabara gani, ni tani ngapi na kinapelekwa wapi. Kikikusudiwa kuwekwa kwenye barabara ya kijiji, TARURA wilaya nao waridhie kabla ya lori la kwanza kushusha, na Afisa Mazingira wa halmashauri aonyeshwe eneo. Halmashauri ya kijiji iandike makubaliano hayo kwenye muhtasari wa kikao. Maneno ya barabarani hayamsaidii mtu siku mambo yakiharibika.

La pili ni maji, na hapa sioni nafasi ya kulegeza. Wengi wetu huchota kwenye chemchemi zilizo mabondeni, na kila kinachomwagwa mlimani huteremka huko na mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mito na maziwa ndani ya mita 60. Chukua mita hizo kuwa kiwango cha chini hata kwa chemchemi na kisima, na mteremko ukiwa mkali, ongeza. Lami ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi haivuji sumu nyingi ikiwa imeshikamana, lakini kifusi kilichosagwa na kurundikwa wazi hutoa vumbi, mabaki ya mafuta ya magari na chembe za madini. Rundo liwe juu ya ardhi ngumu, lifunikwe kwa turubai, lichimbiwe mfereji wa kuzuia maji ya mvua, na lisikae msimu mzima.

Kabla ya kupokea, kikague kwa macho na pua. Chukua bonge, livunje: ndani uone kokoto zilizopakwa weusi. Ukikuta nyaya za matairi, plastiki, misumari au udongo mwingi, kikatae. Lami ya zamani ikiwa baridi haina harufu kubwa. Ikikupiga pua kwa ukali kama nguzo ya umeme iliyopakwa dawa nyeusi, simamisha kazi na uite wataalamu, kwani huenda kuna lami itokanayo na makaa ya mawe, yenye kemikali zinazosababisha saratani. Uholanzi ilipiga marufuku kuirudisha barabarani tangu 2001; wahandisi wa huko hupulizia rangi nyeupe maalumu juu ya sampuli, ikigeuka manjano au kahawia wanajua ni yenyewe.

Mahali panapofaa ni mlima unaoteleza. Sehemu ya mita 100, upana mita 4 na unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa inahitaji kama tani 80, yaani safari nane za lori la tani 10. Mabonge makubwa kuliko sentimita 5 yapondwe kwanza. Greda itengeneze mgongo ili maji yakimbilie mitaroni, kisha roli lishindilie mchana jua likiwa kali, kwa sababu joto hulainisha lami kuukuu na kuishikanisha. Bila roli, msianze. Kifusi kilicholegea kitahamia mtaroni mvua ya kwanza na kuziba kalavati. Pigeni pia hesabu ya mafuta ya lori: kikitoka mbali sana, changarawe ya jirani inaweza kuwa nafuu zaidi.

Nyumbani, kifusi hiki kisigeuzwe mafiga, kisitiwe kwenye kibanja chini ya migomba, wala kisijazwe karibu na tangi la maji. Kisichomwe kamwe, hata kwa lengo la kulainisha mabonge: moshi wake ni sumu kwa mapafu, na anayeuvuta zaidi ni mtoto anayecheza pembeni. Wanaoponda wavae barakoa na kunyunyizia maji, kwani vumbi la kokoto huharibu mapafu polepole.

Ukiona lori linashusha kifusi usiku au karibu na chemchemi, andika namba zake, piga picha na umjulishe mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira siku hiyohiyo, kabla mvua haijanyesha.