Saa ya Kunyonyesha Iombe kwa Barua

Karibu kila mama aliyeajiriwa Bungoma mjini anajua kwamba likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kinachowashtua wengi ni siku ya kurudi kazini. Mtoto bado anategemea titi peke yake, nawe unatakiwa dukani kuanzia asubuhi hadi jioni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imekutengea hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, unyonyeshe au ukamue maziwa. Saa hiyo inalipwa, wala haitolewi kwenye mapumziko yako ya chakula.

Usingoje siku ya kurudi ndipo uitaje. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka umwarifu mwajiri kwa maandishi, angalau siku saba kabla ya kuanza likizo ya uzazi. Basi katika barua hiyo hiyo ongeza: "Nikirudi kazini nitahitaji dakika thelathini saa nne asubuhi na dakika thelathini saa tisa alasiri za kumnyonyesha mtoto." Mwombe atie sahihi kwenye nakala yako. Najua mji wetu ulivyo. Bosi huenda ni shangazi yako, au mnasali kanisa moja, na barua ikaonekana kama ukosefu wa heshima. Anza kwa mdomo: "Shangazi, nimeliandika jambo hili ili nisije nikakusumbua kila siku." Kisha mpe karatasi. Bila karatasi, utakuwa unaiomba saa hiyo kila asubuhi kama msaada, na siku duka likijaa wateja itasahaulika.

Halafu pima umbali. Ukikaa Kanduyi na kazi iko mjini, yaya anaweza kukuletea mtoto. Lakini ukilala Bungoma na kufanya kazi Kitale, mtoto hafikiki mchana. Barabara ya Webuye, Kamukuywa na Kiminini ni ndefu mno. Hapo ni kukamua, na uanze kujizoeza wiki mbili kabla ya kurudi, kwa sababu siku za kwanza maziwa hutoka kidogo na mama huvunjika moyo bure. Maziwa hukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa muda wa saa nne hivi, na ndani ya friji hadi siku nne. Andika tarehe kwenye kila chombo.

Mwajiri, sheria inataka mahali penye kiti, meza ndogo, maji ya kunawa, umeme na kifaa cha kupoza, na pasiwe chooni. Duka dogo lianze na stoo iliyosafishwa, yenye komeo mlangoni, na nafasi safi katika friji ya soda. Mshahara wa likizo ya uzazi unatoka mfukoni mwako, na mwenye wafanyakazi watatu lazima ausikie. Kwa hiyo ukishaambiwa kuna mimba, anza kuweka akiba kila mwezi na umfundishe mwingine kukaa kwenye kaunta. Rosta nayo ibandike wiki mbili mbele, maana yaya pia ana nyumba yake ya kupangia.

Baba ana wiki mbili kwa mshahara kamili. Wengi huzimaliza wakati kukhu, nyanya wa mtoto, yuko nyumbani na mikono ni mingi. Ningekushauri umwombe bosi akuwekee wiki moja hadi mkeo atakaporudi kazini. Sheria haimlazimishi kuzigawa, ila akikubali, wiki hiyo itaiokoa nyumba.

Na ukifutwa kwa sababu ya mimba? Sheria haiitambui mimba kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nenda ofisi ya leba kabla ya miezi mitatu kwisha tangu ufutwe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo inaketi hapa hapa Bungoma, huna haja ya nauli ya Kisumu. Beba ile nakala yenye sahihi.